Tarehe kwenye chupa haisomeki

SWALI: Shikamoo, fundi. Kiwandani kwetu Changamwe, kamera ya ukaguzi inapiga tarehe za chupa, lakini picha zinatoka na ukungu. Mkanda unakwenda nusu mita kwa sekunde; kwenye programu, muda wa kupokea mwanga ni milisekunde 10. Lenzi nimeifuta mara tatu.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Lenzi iache, haina kosa. Katika milisekunde 10 chupa imeshasogea milimita 5, na tarakimu zenyewe ni ndogo kuliko hapo! Shusha muda huo hadi mikrosekunde 200, yaani milisekunde 0.2. Itasogea milimita 0.1 tu. Picha itaingia giza. Tafadhali usikimbilie kupandisha geini, yaani kuikuza ishara ya kamera ili picha ing'ae, utaletewa chengachenga. Ongeza taa ya LED karibu na mkanda, iwe inamweka, yaani kuwaka ghafla na kuzima, kila kamera inapopiga. Na dirisha linaloingiza jua la alasiri, litie pazia.