"Wewe si upo tu nyumbani?"

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani wa Tanga, nina miaka 38, naishi na mama yangu mwenye miaka 76. Huu ni mwaka wa tatu mama anasahau. Alianza kwa kuunguza masufuria, akaja kunisahau jina. Januari alitoka alfajiri na kanga moja, bodaboda akamkuta Pongwe anatafuta shule aliyosoma utotoni. Tangu siku hiyo nimerudisha fremu yangu ya Ngamiani, siwezi kumwacha peke yake. Kaka ni mtumishi wa serikali Dar, ana mke na watoto wawili, hutuma laki moja kila mwezi. Dada yuko Muscat, hutuma Ramadhani na Idd. Nikisema haitoshi, kaka hunijibu, "Wewe si upo tu nyumbani?" Sasa anataka mama aweke dole gumba nyumba iuzwe, eti tupate hela ya kumtunza. Mama mdogo anasema mama amechezewa, na mganga ameshakula laki nne zetu. Simdai mama chochote, kanilea. Lakini nimechoka, na cherehani zangu zimeanza kushika kutu.*

Marahaba mwanangu, na pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu, kwa sababu ule ukurasa wa matumizi ambao sikuuchapisha ndio wenye jibu lako.

Pampasi za wakubwa, mbili kwa siku, 108,000 kwa mwezi. Sabuni, jiki, maji na umeme 45,000. Dawa ya presha na nauli 47,000. Chakula chake 90,000. Jumla 290,000. Kaka anatoa laki moja, 190,000 zilizobaki unatoa wewe usiye na kazi, na umesema mwenyewe kwamba umefikia kukopa vikoba. Bado hatujagusa fremu, ambayo baada ya kodi ilikuwa inakuachia kama 350,000. Hizo nazo zinaingia kwenye ugonjwa wa mama kila mwezi, ila hakuna anayeziona kwa kuwa hazijawahi kutumwa kwa simu zikaleta meseji. Jumlisha. Wewe unachangia 540,000 na kaka 100,000, na kwenye ukoo anayesifiwa kwa kumtunza mama ni yeye.

Umeandika humdai mama chochote. Vizuri, humdai. Unaowadai ni ndugu zako.

Usidhani nakupa maneno ya kukufariji tu. Shirika la Afya Duniani lilipopiga hesabu ya gharama za dimensia, yaani huu ugonjwa wa kusahau, kwa mwaka 2019, lilipata dola trilioni 1.3 kwa dunia nzima, na karibu nusu yake ilikuwa kazi isiyolipwa ya ndugu na marafiki. Mtunzaji wa kawaida alikuwa akitoa saa tano kwa siku, na katika kila saa 100 za kazi hiyo, 70 zilikuwa za wanawake. Wewe kwa maelezo yako unaamshwa saa nane za usiku, na saa kumi na moja unafua mashuka. Saa tano kwako ni likizo! Huku kwetu ambako makazi ya wazee ya serikali yamewekewa wasio na jamaa, nyumba ya mgonjwa ndiyo hospitali, na binti ambaye hajaolewa ndiye nesi, dobi na mlinzi.

Na hamko peke yenu. Watafiti waliopita vijijini wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walikuta watu 6.4 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana dimensia. Kwa hiyo kwenye safu ya mbele ya wazee msikitini au kanisani huenda yumo mmoja, na nyumbani kwake yuko mtu aliyefunga biashara.

Nikuambie na yangu. Mama mkwe wangu aliugua hivyohivyo kwa miaka, akatunzwa na wifi yangu mdogo. Sisi wengine tulikuwa tunakwenda Idd na sukari na doti ya kanga, tunapigwa picha, tunarudi. Siku ya msiba nililia hadi nikashikwa. Wifi hakupata nafasi ya kulia, alikuwa uani anapimia wapishi mchele. Nilikuwa kaka yako mimi, mwanangu, kwa hiyo najua anavyofikiri. Si mtu mbaya. Hajaonyeshwa hesabu.

Sasa mwonyeshe. Nunua daftari, andika kwa mwezi mmoja kila shilingi na kila saa, hata ile ya kuamka usiku. Kisha itisha kikao, dada awe kwenye simu, na awepo mkubwa mmoja ambaye kaka anamheshimu. Usianze na uchovu wako, watakupa pole na kikao kitaishia hapo. Anza na pendekezo: atafutwe mama mtu mzima wa mtaani, anayekuja asubuhi na kuondoka jioni, alipwe 130,000. Matumizi yatafika 420,000, kaka 210,000 na dada 210,000. Zako wewe ni usiku na Jumapili. Familia itakuwa imetoa 130,000 ili 350,000 za fremu zirudi. Hata mwenye duka la mkaa ataielewa biashara hiyo.

Kaka atasema 210,000 ni nyingi, na huenda ni kweli, mshahara wa mtumishi naufahamu. Basi aanze na kitu ambacho anakatwa tayari. Bima ya afya ya NHIF ya mtumishi hubeba mwenza na wategemezi hadi wanne, na wazazi wanaruhusiwa. Yeye ana watoto wawili. Kama hajaweka mtu mwingine, zipo nafasi mbili zimekaa wazi miaka yote hii! Wewe ulipaswa kuwa unampeleka mama kliniki kwa kadi. Wakati anashughulikia fomu, uliza hospitali juu ya kitambulisho cha matibabu bure kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Najua mnavyoambiwa dirishani, "dawa hii hakuna, kanunue nje." Lakini kumwona daktari na baadhi ya vipimo kutapungua bei.

Na umpeleke kweli. Katika barua nzima sijaona mahali ambapo daktari amemwangalia kwa ajili ya kusahau, nimemwona mganga tu. Kusahau kwingine hutokana na tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, maambukizi ya mkojo, sonona, au dawa anazomeza, na huko kunatibika. Ikiwa ni dimensia yenyewe, haina dawa ya kuiponya, ila presha ikidhibitiwa huenda ubongo usiumie kwa kasi. Mama mdogo mwambie kwa adabu kwamba laki nne zimetosha. Maneno ya kuchezewa nayo myazime mapema, kwa sababu yakianza kutafuta aliyemchezea yanaishia kwa bibi kizee mwingine wa jirani, na katika nchi hii vikongwe wameuawa kwa maneno kama hayo.

Nyumba. Hapa sina upole. Sheria ya mikataba inataka anayeingia mkataba awe na akili timamu, aelewe anachokifanya. Mama anayetafuta shule ya utotoni Pongwe hawezi kuuza nyumba kwa dole gumba, na mkataba huo unaweza kuja kupingwa mahakamani. Pia atalala wapi? Wagonjwa hawa hushikilia mlango na choo wanavyovijua, ukimhamisha anapotea zaidi. Ikiwa zipo siku anaelewa vizuri, nendeni kwa mwanasheria au wasaidizi wa kisheria mapema, wawaelekeze anachoweza kusaini bado na kwa masharti gani.

Pesa ya serikali usiiweke kwenye daftari. Zanzibar walianza pensheni jamii mwaka 2016, wakati huo shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mwenye miaka 70, na Wakenya wana yao iitwayo Inua Jamii. Sisi bara hatuna pensheni ya wazee wote. Siku tukiwa nayo nitataka na mtunzaji ahesabiwe, lakini hilo ni gomvi langu na wakubwa, wewe una lako la nyumbani.

Dada wa Muscat mpigie mwenyewe kabla ya kikao, asisikie kwa kaka. Na kikao kiwe Oktoba, kisivuke hapo. Msaidizi anahitaji wiki chache mama amzoee ukiwa bado upo, fremu inahitaji kutafutwa, na wazazi wa Tanga wakianza kuleta vitambaa vya sare Desemba, wakute umeshatia mafuta cherehani.