Udongo wa Mvumi bado uko kwenye viatu

SWALI: Shikamoo Shangazi. Juzi tulimzika rafiki yangu wa utotoni kule Mvumi. Alikuwa na miaka 41, kama mimi. Mchungaji alipotupa udongo wa kwanza niliitikia "Amina" na wenzangu, lakini tangu hapo nikipiga magoti sala haiji. Viatu bado vina udongo mwekundu, sijavigusa. Je, imani yangu imekufa?
Msomaji, Dodoma mjini

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mume wangu tulimzika Kongwa, mwezi wa Septemba, ardhi kavu hata vijana wakapokezana sururu tangu alfajiri. Miezi mitatu sikuweza kusema Baba Yetu. Nilikaa tu benchi la nyuma, wengine wakisali. (Kwaya yetu ya akina mama hupiga kelele mno, ila siku zile niliishukuru.) Zaburi ya 90 inataja miaka 70, au 80 mtu akiwa na nguvu. Rafiki yako hakufika hata 50. Muulize Mungu kwa nini. Kuuliza nako ni kusali.

Halafu nenda kwa mama wa marehemu. Matanga yakishaanuliwa, nyumba hunyamaza ghafla. Mpelekee unga wa uwele, mle ugali na mlenda, mumtaje mwanawe kwa jina. Viatu utavisafisha ukirudi, au uviache.