Shangazi, mke wangu amerudi kwao Kibosho kisa kagemu ka nyoka

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwanaume wa miaka 36, naishi Pasua hapa Moshi, nina mke na watoto wawili. Mke wangu ana meza ya mitumba soko la Memorial. Silewi, sivuti, sina mchepuko, sibeti. Starehe yangu ni moja tu, kagemu ka nyoka kwenye simu, Slither.io, ka bure kabisa. Nacheza raundi mbili tatu kupumzisha akili. Tangu nifunge duka mwezi wa tatu nimekuwa na muda kidogo, mwenzangu akaanza ukali. Nikamwapia kwamba nimefuta gemu zote, akakagua simu mwenyewe akaridhika. Majuzi nilichelewa kidogo kumpokea mtoto kwenye gari la shule, basi siku hiyohiyo akabeba watoto akapanda Kibosho. Hii ni wiki ya tatu. Mchochezi ni mama mkwe, anawaambia majirani eti mimi nimeoa simu. Nimetuma elfu hamsini na meseji ya kuomba msamaha, kimya. Shangazi, huyu mwanamke ananipenda kweli? – Mpweke wa Pasua*

Marahaba, baba. Pole kwa nyumba kuwa kimya. Pole yangu imeishia hapo, sasa tuongee.

Barua yako imeniingilia saa tisa kasoro robo usiku. Mtu aliyepumzisha akili kwa raundi mbili tatu, saa hiyo huwa anakoroma.

Halafu hiyo orodha yako. Silewi, sivuti, sibeti. Miaka yote ninayosoma barua za watu, mwanaume akianza kunihesabia madhambi asiyoyatenda, najua lile analolitenda amelificha mwishoni na kulipa jina dogo. Kagemu. Mwingine kabia. Mwingine ananiambia kadada.

Nimekwama zaidi kwenye kiapo. Unasema ulifuta gemu zote, mke akakagua, akaridhika. Mimi ni Mdigo wa Tanga niliyeolewa Uchaggani miaka thelathini iliyopita, simu janja nimeijulia ukubwani, ila hilo nalijua: Slither.io inachezwa hata ndani ya brauza, pale pa kufungulia tovuti. Unaandika anwani, unajipa jina lolote, umeshaingia. Hakuna cha kupakua, kwa hiyo hakuna cha kufuta. Mkeo alikagua simu kwa moyo mweupe akakuta safi, kumbe nyoka kajilaza kwenye brauza anamsubiri apitiwe na usingizi. Baba, hapo ulimfanya mwenzio mjinga ndani ya nyumba yake. Siku alipogundua hakukasirikia gemu. Alikumbuka alivyokushukuru.

Na huko "kuchelewa kidogo" mbona hukukiandikia saa? Basi nikuandikie mimi, nikikosea nirekebishe. Mtoto alishushwa na begi lake mgongoni, akasimama mpaka mama wa genge akamhurumia akampa ndoo akae. Jua likazama. Aliyemkuta pale juu ya ndoo alikuwa mama yake, akitoka Memorial na uchovu wake. Mwanamke hakusanyi watoto wawili na mabegi akapanda mlima kwa ajili ya dakika kumi.

Sikushangai lakini, nisije nikajifanya malaika. Nokia walipoweka nyoka kwenye ile 6110 yao mwaka 1997 sikuwa hata na simu, ila iliponifikia ya kwangu, miaka kadhaa baadaye, niliunguza maharage mara mbili ndani ya wiki moja. Mume wangu alikula yale maharage bila neno, na hilo ndilo lililoniponya. Ila nyoka wetu yule alikuwa mpweke. Anajing'ata mkia, imekwisha, unaweka simu kabatini.

Huyu wako anaishi na watu. Mwaka 2015 kijana wa Kibrazili wa miaka 19, Matheus Valadares, alitoa Agar.io: wewe ni duara, unameza waliokuwa wadogo kwako na unawakimbia wakubwa. Mwaka uliofuata Mmarekani Steve Howse akaja na Slither.io yako. Pale unazaliwa kidudu, umezungukwa na majoka ya watu usiowajua. Kichwa chako kikigusa mwili wa mwenzio, unapasuka, mwili wako unageuka punje za kung'aa na wote wanakuja kukugombania kama kuku na mtama. Sasa sikiliza utamu ulipo. Kidudu cha jana kinaweza kulikatia mbele joka kubwa kuliko yote, joka likajigonga, kidudu kikala mpaka kikavimba. Hakuna bwana wala mtwana, hakuna kiingilio, hakuna mtaji. Ukifa unabonyeza, umefufuka.

Na haina mwisho. Haina hatua ya mwisho, haina kipenga cha refa. Ndiyo maana hiyo "raundi" yako si kipimo cha kitu chochote. Moja yaweza kuwa nusu dakika, nyingine nusu saa, na ile inayokuua ukiwa umebakiza kidogo tu uingie kwenye kumi bora, hiyo kidole kinabonyeza tena kabla kichwa hakijaamua. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na wewe hilo buyu umelilaza juu ya mto wa kitanda.

Ungekuwa unacheza drafti kijiweni nisingekuandikia maneno yote haya. Drafti ina mwisho, na pale kuna mzee mmoja lazima atakuuliza, "We kijana, huyu si mwanao anayesimama barabarani?" Kwenye brauza hakuna anayejua kama una mtoto.

Lakini kuna maneno umeyaandika ukayapita mbio kama mtu anayepita makaburini usiku. *Tangu nifunge duka.* Lilifungwaje? Kwa deni? Kwa kodi ya fremu? Hukusema, na naona hata mkeo hukumwambia sawasawa. Duka ulilitafuta miaka, likafa, likakuachia madeni na watu wa kukuuliza stendi. Nyoka anakua dakika tano, akifa hakuna jirani anayejua. Naelewa, baba. Nani asingependa biashara inayofufuka kwa kidole? Ila hebu niambie, mtaji wa lile duka haukuwa na hata senti ya meza ya mitumba? Kama ilikuwemo, basi yule mwanamke alipoteza hela, akanyamaza, akaendelea kuamka saa kumi na moja kufungua marobota, na jioni anakuta aliyempotezea anatabasamu na kioo. Kwenye gemu yako ukibonyeza kukimbia, nyoka anaenda kasi lakini anapungua, anaacha vipande vya mwili nyuma. Wewe unalijua hilo kuliko mimi. Unalikimbia hilo duka tangu mwezi wa tatu.

Usije ukanikimbilia na neno ugonjwa. Ni kweli Shirika la Afya Duniani, kuanzia Januari 2022, limeiweka tabia hii ya kuzidiwa na gemu kwenye orodha yake ya magonjwa: mtu hawezi kujizuia, gemu inatangulia kila kitu, na anaendelea hata ikimharibia. Ila kwa kawaida wanataka hali hiyo ionekane kama mwaka mzima, na anayepima ni daktari, si mgonjwa mwenyewe akitafuta kisingizio. Ukijaribu kuacha ukashindwa, nenda hospitali, si aibu.

Ndoa za siku hizi zinanichosha, wallahi. Kitanda kimoja, vioo viwili. Na wanawake msinichekee, maana wengine mko kwenye makundi ya kitchen party saa sita usiku mkijadili vitambaa vya sherehe ya mtu msiyemjua. Zamani mume akipotea alikuwa kwenye mbege, pombe ya ndizi, unajua nyumba, unamtuma mtoto: kamwite baba yako. Leo utamtuma nani akamwite mtu aliyelala ubavuni mwako? Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema mume wa mbege anarudi ananuka, lakini anarudi. Mara nyingine naona alikuwa na… haya, nimetoka nje ya barua.

Nirudi kwa mama mkwe wako, huyo uliyemwita mchochezi. Amewapokea watatu, wiki ya tatu hii anawalisha, hajaitisha kikao cha ukoo, hajakutukana hadharani. Amesema tu umeoa simu. Mimi ningesema zaidi. Na elfu hamsini zako zilipanda Kibosho, wewe ukabaki Pasua. Unauliza kama mwanamke anakupenda? Angekuwa amekuchoka, angetumia zile hela akakujibu "asante". Kwa kimya kile anakusubiri, na hatakusubiri milele.

Sasa unanifanya Mdigo nimfundishe Mchagga mila yake. Jani la isale, lile la kuombea msamaha, lipo kwa ajili gani? Mtafute baba yako mdogo au mzee yeyote anayeheshimika, mpande naye Jumamosi, na isale mkononi, sukari, mchele, na nyama ya kueleweka, si nusu kilo. Ukipewa nafasi usianze na gemu. Anza na kiapo cha uongo. Kisha mtoto aliyekaa juu ya ndoo. Kisha duka, lote, mpaka deni la mwisho na jina la anayekudai. Usiape kwamba hutacheza tena, kiapo chako kwa sasa hakina bei. Nunua kitochi, simu janja ikae kwa mkeo mpaka yeye aseme. Vitochi vingine bado vina nyoka, najua, lakini huyo atakuchosha mwenyewe. Na Jumatatu asubuhi uwe Memorial unabeba marobota. Mwenye meza ametumia wabebaji wa kulipa muda wote huo na ana mwanaume mzima ndani.

Jambo moja la mwisho. Ukifika, mama mkwe anaweza kukuacha kibarazani saa nzima kabla hajatoka kukusalimu. Usitoe simu.