Kabla ya kununua hedifoni za muziki wa klasiki, sikiliza kelele za nyumba yako

Mtu akiniuliza anunue hedifoni gani kwa ajili ya muziki wa klasiki, namuuliza kwanza anakaa wapi. Hapa Mwanza, aliyepanga Mabatini, nyumba zimebanana juu ya mawe, hana mahitaji sawa na aliyejenga Luchelele, pembeni ya mji. Mawe yetu yanapendeza kwenye picha, ila kwa sauti ni wasumbufu: mkesha wa ng'ambo ya bonde unagonga mwamba na kukufikia kana kwamba mhubiri amesimama uani kwako. Hilo ndilo linaloamua ununue nini, kabla ya jina la kampuni na kabla ya bei.

Msikilizaji wa Bongo Fleva hasumbuki sana. Nyimbo nyingi hutengenezwa sauti ikiwa juu tangu mwanzo hadi mwisho, hata feni ikivuma hupotezi kitu. Okestra ni habari nyingine. Chukua Boléro ya Ravel, ya mwaka 1928: inaanza na ngoma moja ndogo, kwa sauti ya chini mno, kisha inapanda kwa takribani robo saa hadi okestra nzima inanguruma. CD ya kawaida ina nafasi ya desibeli 96 hivi kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa, na feni inakula sehemu yote ya chini. Basi unapandisha sauti ili uisikie ile ngoma, unajisahau, na tarumbeta zikifika zinakupasua masikio. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila ukiongeza desibeli 3, saa hizo zinakatwa nusu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haina gharama. Mwanza si Dar. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku mara nyingi unaweza kuzima feni bila kutoka jasho. Zima. Friji likiwa sebuleni, hamia chumbani. Sikiliza baada ya saa nne usiku, au alfajiri kabla bodaboda hazijaanza. Mvua ikipiga juu ya bati lisilo na dari, hiyo hakuna hedifoni inayoiweza.

Ukishajua kelele zako ndipo uchague aina. Kuna hedifoni zilizofungwa nyuma na kuna zilizo wazi, zenye wavu unaopitisha hewa na sauti. Za wazi ndizo zinazosifiwa zaidi na wapenzi wa klasiki, na sifa hizo ni za kweli: okestra inapata nafasi, ala hazibanani katikati ya kichwa. Sennheiser HD 600, iliyotoka mwaka 1997, bado inauzwa na bado ni kipimo cha wengi. Lakini wengi wanaoisifu wamekaa kwenye vyumba vya kimya. Mtoto akilia chumba cha pili utamsikia kama hujavaa kitu, na mwenzako aliyelala pembeni atausikia muziki wako wote.

Msimamo wangu ni huu: kama unakaa mjini, Igogo, Kirumba, Mabatini, nunua zilizofungwa kwanza. Beyerdynamic DT 770 PRO inaziba vizuri na sponji zake za kitambaa hazichomi shavu. Audio-Technica ATH-M50x pia ni imara, ingawa kwa sikio langu besi yake imezidi kidogo kwa selo. Mimi ninazo za aina zote mbili, na zile za wazi zinatoka kabatini usiku wa manane tu. Zile zenye mtambo wa kufuta kelele zinaweza sana mvumo usiobadilika, kama wa feni au jenereta. Maneno ya watu na honi zinapenya. Tena baadhi zina mchirizo mwembamba unaousikia pale piano inaponyamaza. Kwenye basi la kwenda Dodoma, sawa. Nyumbani sizitaki.

Sasa kuzijaribu. Wengi wetu huku tumeingia kwenye muziki huu kupitia kwaya, na huo ni mtaji ambao wahakiki wengi wa mtandaoni hawana: umesimama katikati ya teno, unajua alto inasikikaje ikiwa nyuma ya bega lako. Tumia hilo. Weka Haleluya ya Handel, fika pale kwenye "Mfalme wa wafalme", soprano wanaposhikilia noti ndefu na wenzao wanajibu chini yao. Jifunge kumfuata alto peke yake. Ukimpoteza, rudia. Hedifoni nyingi za mtaani zimepandishwa besi, na hapo alto na teno wanakuwa uji mmoja huku sauti ya nne ikivimba. Hedifoni nzuri inakuachia umchague unayemtaka na ubaki naye hadi soprano wapande tena. Kijana mmoja wa teno alizivaa zangu mara ya kwanza akasema, "Kaka, mbona zimepoa?" Nikamwambia atafute sauti yake mwenyewe mle ndani. Hakuzivua hadi wimbo ulipoisha.

Angalia pia kulia na kushoto. Kwa mpangilio wa kawaida violini za kwanza huwa kushoto, selo na besi kubwa upande wa kulia. Ukisikia kinyume, geuza hedifoni kabla ya kumlaumu aliyerekodi.

Kwenye faili, watu wanapoteza pesa bure. Muziki wa CD usiobanwa unakula megabaiti 635 hivi kwa saa. FLAC, aina ya faili inayobana bila kupoteza chochote, mara nyingi ni kama nusu ya hapo. Faili iliyobanwa kwa kilobiti 320 kwa sekunde inakula 144. Kwa sikio, tofauti kati ya hizi mbili za mwisho ni ndogo sana, na kama bando ndilo linalokubana, baki na 320 na pesa iende kwenye hedifoni. Ukitaka kuanza bila malipo, rekodi ya Goldberg Variations za Bach iliyopigwa na Kimiko Ishizaka ilitolewa bure kwa kila mtu mwaka 2012, unapakua kihalali.

Usisahau mipangilio ya programu ya muziki. Ondoa ile inayochanganya mwisho wa wimbo na mwanzo wa unaofuata, na ile inayosawazisha sauti ya kila wimbo. Simfoni ya tano ya Beethoven inatoka sehemu ya tatu kuingia ya nne bila kupumua: ngoma inanong'ona gizani, sauti inajaa taratibu, halafu okestra yote inafunguka. Programu ikikata sekunde moja hapo, au ikipandisha mnong'ono ulingane na mlipuko, kazi yote ya Beethoven imekwenda na maji.

Amplifaya ni ya mwisho. Kama simu haina tundu la hedifoni, adapta ndogo ya USB-C inatosha kwa DT 770 ya omu 80 na kwa ATH-M50x ya omu 38 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). HD 600 ina omu 300. Hiyo inaihangaisha simu, na hapo ndipo amplifaya inapoanza kuwa na maana.

Ukitumia laptopu na ukasikia mvumo mwembamba usioisha, chomoa chaja. Mvumo ukipotea, hedifoni haina kosa. Nyumba nyingi hazina ethi, ule waya wa umeme unaoingia ardhini, iliyofungwa sawasawa. Mwite fundi umeme, na kwa sasa sikiliza kwa betri.

Zilizo wazi usiziache mezani taa ikiwaka msimu wa wadudu wa ziwani, wanaokuja kama moshi. Ziweke kwenye mfuko wa kitambaa. Na kabla ya kulipa uliza kama sponji zinauzwa peke yake, maana jasho litazimaliza kabla ya kitu kingine. Waya wa HD 600 na wa ATH-M50x unachomoka, ukikatika unanunua mwingine. Wa DT 770 PRO ya kawaida umeshikizwa, utahitaji fundi anayejua kuchomea risasi.