Kichanga kwenye baridi: ukavu kwanza, nguo baadaye

Gusa kiganja cha mtoto wa siku nne asubuhi ya baridi na mara nyingi utakikuta baridi, kucha zina ubluu kidogo. Hapo ndipo blanketi la tatu linapoletwa. Lakini mzunguko wa damu wa mtoto mchanga bado haujakomaa. Mwili unapeleka damu kwanza kwenye moyo, ubongo na viungo vya ndani, viganja na nyayo vinangoja. Kwa hiyo usimpime kwa mikono wala miguu. Pasha vidole vyako viwili kwa kuvisugua, uvipitishe kisogoni kwake hadi kati ya mabega, au chini ya nguo kifuani. Pakiwa na uvuguvugu mkavu, yuko sawa, hata kama vidole vyake ni baridi. Pakiwa na unyevu wa jasho, amezidishiwa nguo. Pakiwa pa baridi, basi ana baridi kweli. Midomo au ulimi ukiwa wa bluu ni habari nyingine kabisa: hiyo ni ya kukimbilia hospitali.

Ukishajua mahali pa kugusa, elewa joto lake linakopotelea. Ngozi ya mtoto mchanga ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, na kichwa peke yake ni sehemu kubwa ya ngozi hiyo. Hana uwezo wa kutetemeka kama sisi. Badala yake anachoma mafuta ya kahawia yaliyohifadhiwa kati ya mabega, shingoni na kuzunguka figo, na kazi hiyo inakula sukari na oksijeni. Ndiyo maana mtoto aliyepoa si lazima alie. Hulegea, hulala sana, hunyonya kivivu, na kwa kuwa hanyonyi, kuni za kujipashia joto zinazidi kupungua. Mtoto njiti ana akiba ndogo zaidi ya mafuta hayo, hivyo yeye hupoa haraka kuliko wengine.

Kinachompoza haraka kuliko vyote ni maji. Ngozi iliyolowa hupoteza joto kila sekunde maji yanapokauka, na sweta juu ya fulana iliyolowa halisaidii kitu. Ukavu kwanza, nguo baadaye.

Dakika kumi za kuoga

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asiogeshwe hata mara moja kabla hajatimiza saa 24 tangu kuzaliwa. Baada ya hapo, wakati wa baridi, kuoga mara mbili au tatu kwa wiki kunatosha. Siku nyingine mfute uso, mikunjo ya shingo, kwapa na sehemu za siri kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, ukifunua sehemu moja na kuifunika kabla ya kwenda nyingine.

Siku ya kuoga, chagua saa yenye joto zaidi mchana, funga madirisha na milango, na chumba kiwe na nyuzi 24 au zaidi. Tandaza kila kitu kabla hujamvua: taulo mbili, nepi iliyofunguliwa, fulana iliyokwisha kukunjwa shingo tayari kwa kuvalishwa. Maji yawe na nyuzi 37 hivi. Yapime kwa kiwiko, si kwa kiganja, kwa maana kiganja kimezoea moto. Usiongeze maji ya moto mtoto akiwa ndani ya beseni.

Muoshe mwili kwanza, kichwa mwisho, yote ndani ya dakika tano. Kosa linalojirudia ni kuanza na nywele, kisha mtoto anakaa na kichwa kilicholowa muda wote wa kuoga. Ukimtoa, mfunike kwa taulo ya kwanza na ukaushe kichwa kabla ya kitu chochote. Taulo hiyo ikishalowa, itupe pembeni, mhamishie kwenye ya pili. Hapa wengi hukosea kwa kuendelea kumkumbatia na taulo ile ile ya maji. Kausha nyuma ya masikio, kwapani, kwenye mikunjo ya mapaja na kuzunguka kitovu, kisha mvalishe.

Nguo na mpangilio wake

Kanuni inayofanya kazi karibu popote ni hii: mpe tabaka moja zaidi ya lile ambalo wewe mwenyewe unastarehe nalo katika chumba hicho hicho. Si matatu. Hewa inayonaswa kati ya nguo nyepesi mbili huhifadhi joto vizuri kuliko nguo moja nzito, na nguo nyepesi unaweza kuipunguza au kuiongeza bila kumvua uchi.

Tabaka la ndani liwe fulana ya pamba inayofungwa vifungo kati ya miguu, kwa sababu haipandi mgongoni unapomnyanyua. Juu yake ovaroli ya mikono mirefu yenye miguu iliyofungwa. Katika chumba cha nyuzi 20 hadi 22 hizo mbili na soksi kwa kawaida zinatosha. Kikishuka chini ya hapo, ongeza sweta la sufu au la pamba lililofumwa. Sufu hubaki na joto hata ikipata unyevu kidogo, ila isiguse ngozi moja kwa moja kwa sababu huwasha. Manyoya ya poliesta ni mepesi na yana joto, lakini hufungia jasho ndani, na jasho likipoa unarudi kwenye tatizo la maji. Yafaa kwa nje, si kwa kulalia.

Angalia ukubwa pia. Nguo inayombana inaondoa ile hewa inayotunza joto, na soksi inayoacha alama kwenye kifundo inazuia damu, kwa hiyo mguu unapoa zaidi na mzazi anaongeza soksi ya pili. Geuza kila soksi na kila glovu ndani-nje kabla ya kuvalisha. Uzi uliochomoza au unywele mmoja mrefu unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu hadi kikavimba. Mtoto anayelia bila kunyamaza, mvue soksi uangalie vidole kimoja kimoja. Kofia iwe laini, ifunike masikio, isiwe na kamba ya kufunga shingoni.

Sasa nepi. Fulana ya kawaida ikichomekwa ndani ya nepi, mkojo hupanda nayo kama mafuta ya taa kwenye utambi, na baada ya saa moja kifua kimelowa huku nepi kwa nje ikionekana kavu. Ukingo wa nepi ubaki chini ya kitovu, na fulana ipite juu yake. Usiku ambao hutaki kumfunua sana, fungua vifungo vya chini tu, badilisha, funga. Nguo za juu usiziguse.

Na zile nguo zilizoanikwa siku isiyo na jua? Kitambaa hukauka mapema, mishono huchelewa. Bana mshono wa kwapa na ule wa kati ya miguu, uuguse kwa shavu lako. Ukihisi ubaridi, bado una maji. Pitisha pasi juu ya mishono hadi mvuke ukome, ngoja nguo ipoe, ndipo uvalishe.

Usiku

Hapa hatari inageuka. Mchana tunaogopa baridi, usiku joto likizidi ni la kuogopwa vile vile, kwa kuwa mtoto aliyepashwa kupita kiasi usingizini yumo katika hatari zaidi ya kifo cha ghafla cha watoto wachanga. Chumba cha kulala cha nyuzi 16 hadi 20 kinatosha kwa mtoto mwenye afya aliyetimiza siku zake, akivaa vizuri. Alale chali, kwenye godoro gumu kidogo, katika kitanda chake ndani ya chumba chenu, bila mto, bila mdoli, bila blanketi lililoachwa huru.

Mfuko wa kulalia ni bora kuliko blanketi kwa sababu haupandi usoni. Lebo yake huonyesha uwezo wake wa kutunza joto kwa kipimo cha togi, na togi zikiwa nyingi mfuko ni wa joto zaidi: togi 2.5 kwa chumba cha nyuzi 16 hadi 20, togi 1 kwa nyuzi 20 hadi 24. Tundu la shingo lisiwe pana kiasi cha kichwa kuzama ndani. Kama huna mfuko, tumia blanketi jepesi: miguu ya mtoto iguse mwisho wa kitanda, blanketi lisipite kwapa, na kingo zichomekwe chini ya godoro pande zote. Kumbuka blanketi lililokunjwa mara mbili ni mablanketi mawili.

Ukimfunga kwa shuka, hesabu shuka hilo kama tabaka. Lisipande juu ya mabega, vidole vyako viwili vipite kifuani, na miguu iweze kujikunja na kufunguka kama ya chura, la sivyo nyonga huumia. Siku anapoanza kujaribu kujigeuza, acha kumfunga.

Kofia ivuliwe wakati wa kulala ndani ya nyumba. Kichwa ndicho kinachomsaidia kutoa joto la ziada, na kofia ikiteleza hufunika pua. Chupa ya maji ya moto unaweza kuitumia kupasha godoro, lakini iondoe, pitisha mkono kwenye shuka, ndipo umlaze. Blanketi la umeme si la mtoto kabisa.

Jiko la mkaa usiliingize chumbani, hata likiwa limebaki makaa mekundu bila moshi. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na katika chumba kilichofungwa huua familia nzima usingizini. Hita ya umeme ikae mbali na kitanda na nguo, na kitanda kiwe mbali na dirisha na ukuta wa nje. Kipimajoto cha chumba kiweke usawa wa godoro, kwa maana karibu na dari hewa ina joto zaidi.

Mkitoka nje

Ukimbeba kifuani, mwili wako ni tabaka moja, hivyo mpunguzie nguo moja, kisha vaa koti lako juu yenu wote wawili. Uso uonekane na kidevu kisiegemee kifua chake. Mkiingia kwenye gari au jengo lenye joto, mvue kofia na nguo ya juu hata kama ataamka. Kigari cha mtoto usikifunike chote kwa blanketi.

Kwenye kiti cha gari asivae koti nene. Jaribu mwenyewe: mfunge mikanda akiwa na koti, mtoe bila kuilegeza, vua koti, mrudishe. Utaona nafasi iliyobaki, na katika ajali atachomoka kupitia nafasi hiyo. Mfunge akiwa na nguo nyembamba, hadi usiweze kuubana mkanda kwa vidole penye bega, halafu mfunike blanketi juu ya mikanda.

Akipoa

Pima kwapani: kausha kwapa, ncha ya kipimajoto iwe katikati, bana mkono wake ubavuni hadi kilie. Kawaida ni nyuzi 36.5 hadi 37.5. Ikiwa 36.0 hadi 36.4, usiongeze mablanketi tu. Blanketi halizalishi joto, linahifadhi lile lililopo, na mtoto huyu hana la kuhifadhi. Mvue abaki na nepi kavu, kofia na soksi, mweke wima kifuani kwako ngozi kwa ngozi, kichwa kikigeukia upande, kisha mfunikeni wote wawili. Baba anaweza kama mama. Hii ndiyo njia ya kangaruu ambayo madaktari wa Bogotá, Kolombia, walianza kuitumia mwaka 1978 kwa watoto njiti. Mnyonyeshe hapo hapo, na upime tena baada ya saa moja.

Ikizidi 37.5, punguza nguo moja na upime tena baada ya nusu saa. Isiposhuka, mpeleke hospitali. Ikifika 38, nenda bila kusubiri, kwa kuwa homa katika miezi mitatu ya kwanza inaweza kuwa maambukizi makali. Nenda vile vile akiwa chini ya 36, au asipopanda baada ya saa moja kifuani, au akikataa kunyonya, akilegea au kuhema kwa shida. Kwa kichanga, maambukizi yanaweza kujitokeza kama ubaridi badala ya homa. Usimfunge kwenye mablanketi umbebe kama mzigo: asafiri akiwa ngozi kwa ngozi kifuani kwa mtu mzima, na kofia kichwani, akipewa ziwa njiani kama anaweza kumeza. Ila kama ni kwa gari na kuna kiti chake, afungwe mikanda humo na kufunikwa juu.