Benki imefungwa, bima ya mkopo je?

Dada yangu wa Likoni, pole. Umeuliza kama utarudishiwa pesa za bima uliyokatwa kwenye mkopo, sasa benki ikiwa imefungwa. Wauza viazi karai kibandani, huna mwajiri, halafu benki ikakukata bima ya kupoteza ajira! Bima hiyo isingekulipa hata senti. Mimi naona ulichezewa.

Sasa, benki kufa si bima kufa. Benki ilikuwa dalali tu hapo. Aliyekuandikia bima ni kampuni nyingine, na huenda bado ipo. Toa ile karatasi ya mkopo, tafuta jina la kampuni hiyo na namba ya mkataba wa bima. Waandikie barua: ajira sikuwa nayo, na karani aliniambia bila bima hakuna mkopo, nirudishiwe pesa zangu. Baki na nakala yenye muhuri wao. Wakikupiga chenga, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA.

Kwa upande wa benki, mfilisi, yaani anayekusanya mali ya benki iliyokufa na kuwalipa wanaoidai, ni KDIC, shirika la bima ya amana Kenya. Usichanganye: ile fidia yao ya hadi shilingi 500,000 ni ya akiba, si ya makato ya bima. Dai lako utaliandikisha kama mdai mwingine yeyote, na foleni hiyo ni ndefu, sikufichi.

Mkopo wenyewe usiache kuulipa. Mfilisi naye hudai. Wala usikawie, kesi ya mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6 tu. Na yule kijana wa Ferry anayetaka elfu tano "afuatilie faili", mwambie aende akaoge bahari.