Wiski ya Cambus ya miaka 30 inanukia rangi ya kucha: imeharibika?

Haijaharibika, ndugu. Cambus ni wiski ya nafaka ya Uskoti, na wiski ya aina hiyo hutoka kwenye mtambo wa kukenekea wa mnara ikiwa na kileo kinachokaribia asilimia 95, nyepesi mno, kwa hiyo sehemu kubwa ya ladha yake ni ya pipa la mwaloni. Ile harufu ya vanishi ni ya kawaida kwa wiski ya nafaka iliyozeeka, na hupungua ikipata hewa.

Mimina mililita 20 kwenye glasi yenye tumbo na mdomo mwembamba, uiache dakika 20. Usitumbukize pua. Anza glasi ikiwa usawa wa kidevu, kisha ipandishe taratibu. Vanila, nazi na tofi zikijitokeza, piga funda dogo na ulizungushe mdomoni sekunde 10 kabla ya kumeza.

Maji yawe tone moja moja, kwa kitoneshi. Ukizidisha, utamu unakatika na mbao inabaki chungu kama chai iliyolala na majani yake. Barafu usiweke kabisa, inaziba harufu yote.

Angalia kizibo pia: cha umri huo hukatika. Kishike, uzungushe chupa polepole. Kikivunjika, chuja wiski kwa karatasi ya kuchujia kahawa. Chupa isimame wima, na ikifika nusu hamishia kwenye ndogo, maana hewa iliyobaki juu itaififisha. Kiwanda cha Cambus kilifungwa 1993, hakuna nyingine itakayotengenezwa pale. Itunze.